Mwenzake Karani

Jumamosi, 6 Aprili 1996

Mvua imeanza alfajiri na haijapumzika. Nilipofunua kitambaa cha tundu la Karani nimekuta manyoya chini, si ya mkia wala ya mbawa, ni yale madogo laini ya kifuani. Kumi na manne. Nilidhani panya amemshtua. Kisha nikamwona mwenyewe amepinda shingo, ameshika unyoya mmoja kwa mdomo, anauvuta taratibu kama mtu anayetoa uzi kwenye nguo, anautupa.

Miaka kumi na miwili tumekaa naye, sijapata kumwona akifanya hivi. Ndiyo maana nimechukua daftari. Kazini kwetu, kwenye karakana ya makumbusho ya Ngome, tunapounganisha vigae vya vyombo vya udongo vilivyotolewa baharini, hatugusi gundi kabla ya kuandika tulichokiona. Nami nitaandika.

Karani ni kasuku wa kijivu, mkia mwekundu. Marehemu mume wangu alimnunulia binti yetu, Joy, alipokuwa na miaka minane. Joy ndiye aliyempa jina, kwa sababu ndege huyo alimkagua kila mgeni kwa jicho moja kama karani wa mahakama. Joy ameondoka nyumbani tangu Januari. Habari hiyo sitaki kuiandika leo.

Jumapili, 7 Aprili

Pasaka. Manyoya kumi na saba. Mvua.

Jumanne, 9 Aprili

Nimempa pilipili mbichi nyekundu, chakula akipendacho kuliko vyote. Manyoya manane tu. Pengine ni pilipili.

Jioni nilipotia ufunguo kitasani akasema, kama kila siku, kwa sauti ya Joy: "Mama, kuna chai?" Nikamjibu kwamba ipo. Mimi humjibu kila siku. Nadhani hata Bi. Mishi kule chini hunisikia.

Alhamisi, 11 Aprili

Amekuja Daktari Bramwel. Ni mtu wa bara, mrefu, anayetibu mifugo ya watu wa kisiwani.

"Mama Joy, mimi ni daktari wa ng'ombe na mbuzi," alisema hata kabla hajaketi. "Kwa ndege nitakuambia nilichosoma, si nilichotibu."

Akamshika Karani kwa taulo, akapuliza manyoya ya kifua kuona ngozi, akamtazama puani na mdomoni. Karani akamng'ata gumba. Daktari hakulalamika.

"Ngozi safi. Hana utitiri. Nani alikuwa akikaa naye?"

"Binti yangu."

"Yuko wapi?"

"Voi," nikasema, kwa sauti ya mtu anayetaja ng'ambo ya bahari.

"Hawa kwao huishi makundi. Mtu mmoja akitoka nyumbani, kwake yeye kundi limepungua. Ukitaka ushauri wangu, mtafutie mwenzake." Alipofika mlangoni akageuka. "Ila ujue, wakishakuwa wawili huongea lugha yao. Maneno ya watu huyaacha polepole. Si wote, lakini wengi."

Nikamshukuru, nikamwazima mwavuli. Sikumwambia kwamba hilo la mwisho ndilo lililonikaa.

Ijumaa, 12 Aprili

Bi. Mishi amepanda juu. Yeye ndiye mwenye nyumba. Amezaliwa humu Kibokoni, anakaa chini, mimi nimepanga juu. Ana ufunguo wa pili wa mlango wangu tangu Joy akiwa mdogo, na hana desturi ya kubisha.

"Masalkheri, Nyevu. Nasikia daktari yuwataka uongeze kasuku."

"Umesikia wapi?"

"Ngazi zangu hazina mlango." Akaketi. "Kasuku wawili ni kelele. Mwandikie mwanao kwanza."

"Yeye ndiye aliyeondoka, Bi. Mishi. Aandike yeye."

Akanitazama, kisha akamtazama Karani, kana kwamba yeye ndiye atakayempa jibu la maana. Nikamwambia nina nguo za kuanua. Kulikuwa kunanyesha, hapakuwa na nguo nje, naye alijua.

Haya, na niiandike. Joy alikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu. Januari alikuja na kijana anayeitwa Kenneth, fundi wa taa za reli huko Voi, akasema wanataka kuoana mwezi uleule. Nikamuuliza haraka ya nini. Akafungua kinywa, nikamkata. Nilisema mengi juu ya ada na juu ya marehemu baba yake. Kijana yule alikuwa amesimama, kofia mkononi, nami sikumkaribisha kiti. Mwisho nikasema: "Ukitoka na huyu, usirudi." Akatoka naye. Voi ni saa tatu kwa basi. Hajaandika hata mstari mmoja.

Jumapili, 14 Aprili

Manyoya kumi na tisa. Si pilipili.

Jumanne, 16 Aprili

Saba.

Ijumaa, 19 Aprili

Tisa. Mvua imeingia kwa dirisha la jikoni.

Jumapili, 28 Aprili

Leo baada ya kanisa nimepiga mistari na kupanga hesabu zote. Siku za kazi: nane, saba, sita, tisa. Jumapili zote: kumi na saba na kuendelea. Na Jumatatu ya Pasaka, ambayo sikwenda kazini: kumi na tano.

Maana yake ni kwamba siku ninayoshinda nyumbani ndiyo anayojinyonyoa zaidi. Jambo hili limeniudhi, tena limenivutia, nami nimerudia hesabu mara tatu. Kisha nikachunguza sinia ya tundu. Chini ya maganda ya karanga nimekuta kokwa mbili za tende. Mimi sinunui tende.

Jumanne, 30 Aprili

Umeme ulikatika karakana, tukaruhusiwa mapema. Nimefika nyumbani saa saba mchana. Mlango ulikuwa wazi.

Bi. Mishi alikuwa ameketi kwenye kibao changu cha kukunia nazi, miguu ameinyoosha, anamsomea Karani karatasi kwa sauti ya chini. Karani alikuwa ameshuka mpaka kijiti cha mwisho, kichwa amekilaza upande wake. Bi. Mishi aliponiona akaikunja karatasi, akaitia ndani ya buibui. Niliona maandishi tu, ya herufi za Kiarabu.

Ningeweza kuuliza. Badala yake nilisema kwamba nyumba ninailipia, na kwamba mtu huingia kwa mwenzake akikaribishwa.

Bi. Mishi akainuka kwa shida, akauweka ufunguo mezani. "Haya, mwanangu. Ufunguo wako huo." Akashuka ngazi mojamoja, mkono ukutani.

Jumatano, 1 Mei

Sikukuu. Ishirini na mbili.

Ijumaa, 3 Mei

Ishirini na tano, na ni siku ya kazi.

Jumapili, 5 Mei

Thelathini na moja. Kifuani pametokea kipara cha waridi kilicho sawa na kifuniko cha chupa ya soda. Ngozi ya ndege ni nyembamba kuliko nilivyodhani. Unaona moyo ukigonga.

Jumatatu, 6 Mei

Nimeshuka na ufunguo, na tende robo kilo.

"Shikamoo, Bi. Mishi."

"Marahaba." Alikuwa anapanga asumini kwenye uzi. Hakuniambia nikae.

Nikamwambia nimekosa. Nikamweleza hesabu zangu, jinsi siku alizokuwa akipanda ndizo alizopumzika ndege, na jinsi siku hizi saba zilivyokwenda. Nilisema mwaka huu ni mara ya pili namfungia mtu mlango, na mara zote mbili nilikuwa na hakika.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Basi na mimi nikwambie kweli," akasema. "Nampenda yule ndege. Mvua kama hizi siwezi kukaa barazani, na watu hawapiti. Lakini magoti yangu hayaziwezi ngazi kila siku. Mtafutie mwenzake."

"Si ulisema wawili ni kelele?"

"Ni kelele. Nyumba hini imekuwa kimya sana."

Nimerudi juu nimechangamka, kama siku tunayopata kigae kinachoingia mahali pake. Hata hivyo sijakata shauri. Jioni Karani ameuliza kama kuna chai, nami nimesimama kumsikiliza muda mrefu zaidi ya kawaida.

Jumamosi, 11 Mei

Nimekwenda nyuma ya soko kwa mtu niliyeambiwa anauza kasuku. Akanipeleka ua wa ndani, akafunua gunia juu ya kreti la soda. Ndani yake, vigawanyo vya chupa vikiwa vimekatwa, mlikuwa na ndege tisa au kumi wa kijivu wamebanana. Wametoka Zaire kwa lori, alisema, siku kumi na moja njiani. Walipoona mwanga hawakupiga kelele. Walijisogeza wote kona moja, wakapandiana, na mmoja alibaki palepale kwa sababu alikuwa amekufa.

"Huyo sihesabu," mwuzaji akasema. "Chagua katika walio hai. Baada ya mwezi mmoja atakusalimia kwa jina."

Nikamuuliza walikamatwaje. Akaniambia bila kificho: gundi juu ya matawi. Nikamuuliza wangapi walianza safari. Akacheka, akasema mimi ni mteja wa kwanza kuuliza.

Nilikuwa nimekwenda na kikapu. Nimerudi nacho kitupu. Njia nzima nilikuwa nafikiri kwamba Karani naye alitoka mahali fulani, kwamba mume wangu alimleta nyumbani ndani ya boksi la viatu, amefurahi, nasi hatukuuliza kitu.

Jumatatu, 13 Mei

Nimemwambia Daktari Bramwel niliyoyaona. Akasema anamjua mzee mmoja wa Mbaraki, mwendesha winchi bandarini, anayestaafu mwezi ujao. Ana kasuku na hawezi kwenda naye kwao.

Jumamosi, 18 Mei

Mzee huyo anaitwa Joab. Ni mtu wa Bunyore, mnene, mpole, anakaa peke yake chumba kimoja cha landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa bandari. Nilidhani nimekwenda kumkagua ndege wake, kumbe mimi ndiye niliyekaguliwa.

"Unafanya kazi?"

"Ndiyo. Ngome, karakana."

"Mchana atakaa na nani?"

"Na mwenzake. Na mama mwenye nyumba, magoti yakimruhusu."

"Una redio?"

"Ninayo."

"Taarifa ya habari ya jioni lazima aisikie. Asipoisikia halali, nawe hutalala." Akanionyesha mlango wa chumba, umetafunwa mpaka nusu ya fremu. "Na hii ndiyo tabia yake. Nilipewa na rafiki yangu Chonga, mtu wa Kilifi, nikampa ndege jina lake. Kumbe nimemwitia na kazi."

Chonga alikuwa juu ya kabati, hana tundu. Ni mkubwa kuliko Karani na unyayo mmoja una kovu. Akanitazama, akasema kwa sauti nzito ya Joab: "Shusha, shusha polepole."

"Hicho ndicho nilichokisema miaka ishirini na saba," Joab akasema. "Yeye ameshika hicho tu."

Nikamuuliza kwa nini asiende naye. Akasema mkewe, Jacinta, amekaa peke yake miaka yote hiyo akilea watoto na kuku, na amemwandikia kwamba anamtaka mume, si mume na ndege. "Ni haki yake," akasema. Kisha akanipa masharti: nimchukue kwa mwezi mmoja, na tarehe thelathini Juni atakuja kusikia neno langu. Nikikataa, atatafuta pengine, hatanuna.

Jumamosi, 25 Mei

Chonga amewasili. Nimemnunulia tundu, nimeliweka upande wa pili wa chumba. Karani amejikunja akawa mwembamba kama hindi lililomenywa, hakusema neno mpaka usiku. Manyoya ishirini.

Jumapili, 26 Mei

Bi. Mishi amepanda kumtazama mgeni. "Huyu yuna mato ya polisi," akasema, akimtazama machoni. Chonga akamwambia ashushe polepole. Bi. Mishi akacheka mpaka akaomba maji.

Jumatano, 29 Mei

Kumi na nane. Wanatazamana kutwa. Karani akila, Chonga anakula. Karani akinyamaza, Chonga anapiga mluzi mfupi, mara mbili, halafu anangoja. Karani hajibu. Natamani kujua anauliza nini.

Jumamosi, 1 Juni

Nimesogeza matundu, yamebaki hatua tatu. Karani ameacha karanga aipendayo ili atazame.

Jumanne, 4 Juni

Nimerudi kazini nimekuta damu.

Chonga alikuwa ametafuna kitanzi cha waya cha mlango wake, ametoka, na amekwenda kukaa juu ya tundu la Karani. Karani bila shaka alipandisha mguu kumzuia. Kidole kimoja cha nyuma kimepasuliwa. Damu ilikuwa kwenye vijiti, kwenye sinia, kwenye ukuta mweupe wa Bi. Mishi. Karani amekaa chini kabisa, mbawa amezitandaza, na nilipotia mkono akaning'ata kwa nguvu, jambo ambalo hajanifanyia tangu aletwe.

Nikamzuia damu kwa unga wa ngano kama daktari alivyowahi kunieleza. Nikamrudisha Chonga tunduni, nikaufunga mlango kwa waya wa shaba. Nilimsema kama mtu mzima. Nilisema aliingia nyumba ya watu na kuvunja amani, na kwamba kesho anarudi Mbaraki.

Kisha nikasikia nilichokuwa nasema, na nilimkumbuka mtu mwingine niliyemwambia karibu hayohayo, amesimama na kofia mkononi. Nimeketi kitandani mpaka taarifa ya habari. Sikuifungulia redio sauti. Chonga hakulala.

Karani leo hakuuliza chai.

Alhamisi, 6 Juni

Nimechoka lakini nitaandika yote.

Usiku kucha imenyesha mvua ya kupiga kwa upande. Saa kumi na mbili asubuhi mabati mawili ya paa yaling'oka, maji yakaingia chumbani kwangu kama yaliyomwagwa kwa ndoo. Nikashusha Karani, nikarudi nikamshusha Chonga. Mtaani maji yalikuwa magotini, kazini hakuendeki. Kwa Bi. Mishi palikuwa pakavu mahali pamoja tu, juu ya meza ya cherehani, nasi tukayaweka matundu yote mawili hapo, ubavu kwa ubavu. Nilitaka kutia mbao katikati. Bi. Mishi akanizuia. "Waache. Yule alokosa ashajua kosa lake."

Tukanywa kahawa, tukatazama maji yakipita mlangoni na kandambili za watu.

"Mbona umeinama?" akaniuliza.

"Nataka kumrudisha Chonga."

"Kwa kidole kimoja?"

Nikamwambia sababu ya kweli, ambayo sikuwa nimeiandika hata humu. Nilimwambia kwamba sauti ya Joy imebaki mahali pamoja tu duniani ambapo naweza kuisikia kila jioni, na kwamba daktari alinionya. Ndege akipata mwenzake atayaacha maneno ya watu. Kwa hiyo nilikuwa nikimwacha ajichune mpaka damu, ili mimi niulizwe kama kuna chai.

Bi. Mishi akaweka kikombe chini. Akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi tatu. Nikaitambua moja.

"Hizi nilidhani ni barua za ndugu zako wa Lamu," nikasema.

"Wewe wadhani sana. Kuuliza huulizi." Akavaa miwani. "Ni za Joy."

Nilikuwa nimesahau. Joy alipokuwa na miaka tisa alikuwa akishuka kila alasiri kukaa kwenye mkeka wa Bi. Mishi na wasichana wa jirani, akajifunza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa sababu aliona ni maandishi mazuri. Bi. Mishi hasomi nyingine. Barua zilikuja kwa sanduku la posta la ndugu yake. Nilizipita mara ngapi mezani kwake, mimi ninayesoma alama za wafinyanzi waliokufa miaka mia tatu iliyopita, sikuweza kusoma jina la mwanangu.

"Mbona hakuniandikia mimi?"

"Aliogopa utamrudishia. Nawe ungemrudishia?"

Nikafikiri, maana alistahili jibu la kweli. "Januari, ndiyo. Februari, labda."

"Ya kwanza ni ya Februari."

Akanisomea zote. Naandika ninayoyakumbuka. Kwamba hajambo. Kwamba Voi kuna vumbi na usiku husikia treni za mizigo. Kwamba Kenneth anapika vizuri kumshinda. Na hii: "Mungu akipenda mwezi wa saba nitapata mtoto. Mama hajui. Siku ile nilikuja kumwambia, hatukufika huko." Na hii: "Msomee Karani barua zangu, asinisahau." Na katika ya mwisho, ya Mei: "Bado anadai chai? Nilimfundisha nikiwa darasa la nne, wiki mbili nzima, kwa sababu niliona uvivu kumuuliza mama mwenyewe nikitoka shule."

Darasa la nne. Joy alikuwa na miaka kumi. Nilimwomba Bi. Mishi aurudie mstari huo. Miezi mitano nimekuwa nikijibu sauti ya mtoto wa miaka kumi, na huku mwanamke wa miaka ishirini, mwenye mimba, yuko saa tatu kutoka hapa, anaiogopa hasira yangu kwa mbali. Sauti niliyoilinda si ya aliyeondoka. Nililia, na Bi. Mishi hakunifariji wala hakuniambia ninyamaze. Alikaa nami.

Kilichofuata tulikiona sote wawili. Alasiri mvua ilipopungua, Chonga alipiga mluzi wake, mara mbili, akangoja. Karani akajibu. Mara moja tu, kwa sauti nyembamba. Kisha akasogea mpaka kwenye waya, akainamisha kichwa, akakitoa kisogo kama mtu anayetaka kunyolewa. Chonga akapitisha mdomo uleule uliopasua kidole, akaanza kumchambua unyoya kwa unyoya, polepole sana. Sikuwahi kujua kwamba mdomo ule unaweza kugusa hivyo.

"Basi," Bi. Mishi akasema.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeandika barua, kwa herufi ninazozijua. Nimeirudia mara nne. Nimeomba radhi kwa Joy ukurasa mmoja, na kwa Kenneth nusu ukurasa. Nimeitia posta kuu mwenyewe.

Jumanne, 11 Juni

Manyoya sita. Mafundi wametia mabati.

Jumapili, 16 Juni

Mawili, na ni Jumapili.

Jumatano, 19 Juni

Hakuna. Nimepekua sinia kwa kibano cha kazini ili niwe na hakika. Kwenye kipara pameota vichipukizi vya kijivu kama ncha za penseli.

Ijumaa, 21 Juni

Nimetia ufunguo kitasani, hakusema kitu. Walikuwa wanapigiana mluzi, juu na chini, mmoja akimalizia wa mwingine. Nilisimama mlangoni. Niliumia, sitasema uongo, lakini si kama nilivyoogopa. Zaidi nilitaka kujua wanasema nini.

Jumatatu, 24 Juni

Hakuna barua kutoka Voi. Mvua nyepesi.

Ijumaa, 28 Juni

Hakuna barua.

Jumapili, 30 Juni

Joab amekuja na shati lililopigwa pasi. Nikamkaribisha kiti kabla hajafika katikati ya chumba. Nikamwambia Chonga anakaa.

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Akaenda kusimama mbele ya matundu, sasa milango yake iko wazi mchana na ndege hukaa wote juu ya la Karani. Akamwita kwa lugha ya kwao. Chonga akashuka mkononi mwake, akakaa muda, akachezea kifungo cha shati, kisha akarudi kwa Karani.

"Ameniaga," Joab akasema. "Mimi nilikuwa naogopa atanililia. Sasa naona nilikuwa naogopa hatanililia."

Nikampa chai. Alipoinuka, Karani, ambaye alikuwa hajamwona mtu huyo maishani, akasema kwa sauti ileile nzito: "Shusha polepole." Joab akaketi tena. Nikamwongezea chai.

Ameniachia anwani ya Bunyore. Nimeahidi kumwandikia kila mwezi, na kwamba nitaandika nitakachokiona, si nitakachokidhani.

Alhamisi, 4 Julai

Jua kutwa. Bi. Mishi ametoka barazani.

Ijumaa, 5 Julai

Saa nne asubuhi nimeitwa kwenye simu ya ofisi. Laini ilikuwa ikikwaruza.

"Mama, ni mimi Kenneth." Akaendelea haraka, labda akihofia nitakata. "Joy amejifungua jana. Msichana. Wote wazima. Barua yako tulipata, mama. Ameanza kuijibu mara nyingi, anachana. Leo amesema anaogopa kukuomba uje, kwa hiyo nimekuja kukuomba mimi."

Nikamwambia nitapanda basi la kesho asubuhi. Sauti yangu ilitoka kubwa. Karakana nzima iligeuka.

Bi. Mishi atashinda na ndege. Tumewashusha kwake, magoti yapumzike. Amenipa kanga jozi ya mtoto na barua ndefu ambayo siwezi kuisoma. Safari hii nimemuuliza imesema nini, naye amenisomea.

Jumamosi, 6 Julai, Voi

Kenneth alinipokea stendi. Ni mwembamba kuliko nilivyokumbuka, na ana haya. Alinyoosha mkono kuchukua mkoba, nikaukamata mkono wenyewe. Nilimwambia palepale, watu wakipita na mizigo, kwamba Januari nilimkosea nyumbani kwangu. Alitazama chini. "Twende, mama," akasema. "Jua ni kali."

Wanakaa nyumba za reli, chumba kimoja na jiko. Joy alitaka kuinuka, nikamkataza, nikaketi ukingoni mwa kitanda. Amenenepa uso.

"Sikujua kama utakuja," akasema.

"Hata mimi sikujua, mpaka nilipoulizwa."

Akanipa mtoto. Nimemkagua kidole kwa kidole, nyayo, kisogo, mikunjo ya shingo. Alifungua jicho moja, akalifunga. Joy alikuwa akinitazama mimi, si mtoto, na baadaye akaegemea begani kwangu, akalala papo hapo kama mtu aliyekuwa akingoja zamu imalizike. Sikusogea, na bega likafa ganzi.

Jioni Kenneth alijiandaa kwenda kazini. Alinionyesha maji yalipo, mafuta ya taa yalipo, mlango unavyofungwa. Akavaa kofia. Alipofika kizingitini akasimama, na nikaona kwamba anataka kuuliza jambo na hajui kama inafaa.

"Uliza," nikamwambia.

"Nikirudi asubuhi, mama, utakuwepo?"

"Nitakuwepo," nikasema.